Dondoo muhimu: Kupima kinga ya umeme unaovuja

Katika nyumba ya Kariokor, Nairobi, iliyofungwa RCD (swichi inayokata umeme unapovuja), swichi hiyo hukaa kwenye boksi la fyuzi. Ya kulinda watu kwa kawaida ni ya miliampia 30.

- Kupima: Hubonyezwa kitufe chenye herufi T. Swichi ikianguka papo hapo, ni nzima; isipoanguka, ibadilishwe. Kitufe hakipimi waya wa ardhi.
- Ikijizima: Vifaa vyote huchomolewa, swichi hurudishwa, kisha vifaa huchomekwa kimoja kimoja. Kinachoiangusha, mara nyingi koili ya maji au pasi yenye waya uliochubuka, ndicho kibovu.
- Ikigoma kurudi vifaa vikiwa vimechomolewa: Huenda hitilafu imo kwenye nyaya au soketi iliyolowa. Aitwe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Kuiruka RCD kwa waya ni kualika kifo.