NYUMBA IKIBAKI KIMYA
Somo kwa wazazi ambao watoto wao wametoka nyumbani

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Muislamu, dada Muislamu,

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wanalibeba moyoni bila kulisema. Umelea watoto miaka ishirini au thelathini. Sasa binti ameolewa Kasongo, kijana yuko masomoni Kisangani, mwingine anatafuta riziki Lubumbashi. Mama bado anatwanga sombe ya watu wanane, na inabaki. Baba anarudi toka swala ya isha, hana wa kumtuma maji. Na wale ambao watoto wao wako Goma au Bukavu, tangu vita ilipoingia miji hiyo mwezi wa kwanza na wa pili mwaka 2025, wamejua hofu juu ya upweke.

Huzuni hiyo si upungufu wa imani. Qurani inatueleza kwamba mama yake Musa (A.S.), alipomwacha mwanawe majini, moyo wake ulibaki mtupu. Nabii Yaqub (A.S.) alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe. Basi usione haya. Lakini usidhani kazi ya mzazi imekwisha. Imebadilika tu. Tumtazame Nabii Ibrahim (A.S.) na mwanawe Ismail (A.S.).

KWANZA: DUA. Ibrahim alipomwacha Ismail na mama yake Hajar katika bonde lisilo na mimea, aliwaombea wasimamishe swala, mioyo ya watu iwaelekee, wapate matunda. Yeye alikuwa mbali, dua yake haikuwa mbali. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba dua ya mzazi ni miongoni mwa dua zisizorudishwa. Basi usiku ukikosa usingizi, amka, tawadha, swali rakaa mbili, umtaje kila mtoto kwa jina lake. Na ulimi wako ujihadhari na laana, kwa sababu hiyo nayo inasikiwa.

PILI: KUTEMBELEA BILA KUTAWALA. Katika Sahihi Bukhari, Ibn Abbas anasimulia kwamba Ismail alipokwisha kuoa, baba yake alikuja kumtembelea. Safari moja alimkuta mke peke yake, akamuuliza wanaishi namna gani. Mke alipomshukuru Mwenyezi Mungu, Ibrahim aliwaombea baraka katika nyama na maji yao, akaacha salamu, akaenda zake. Hakufunua vyungu. Ewe mzazi, ukifika kwa mwanao, wewe ni mgeni mwenye heshima, siyo mwenye nyumba. Na simu vilevile: kama kila unapopiga ni kuomba pesa, mtoto ataogopa kuona jina lako. Siku nyingine piga umsalimie tu.

TATU: KUMHESABU MTOTO KUWA MTU MZIMA. Safari nyingine Ibrahim alimkuta Ismail chini ya mti, karibu na Zamzam, anachonga mishale yake. Wakakumbatiana. Akamweleza kwamba Allah amemwamuru kujenga nyumba, akamuuliza kama atamsaidia. Ismail akakubali. Mtoto alileta mawe, baba akajenga, na nyumba ile ndiyo Kaaba tunayoielekea leo. Tazama: baba hakumtuma mwanawe, alimuomba. Nawe mshirikishe mwanao katika shauri la shamba au masomo ya wadogo zake, kisha umsikilize.

Na nyumba yenyewe? Baba na mama, kwa miaka mingi mlizungumza juu ya pesa za shule na dawa za homa. Sasa kaeni, mzungumze ninyi wawili, msome Qurani pamoja. Aliye mjane, jirani wampigie hodi. Na sombe inayobaki, msiitupe. Ng'ambo ya njia yuko yatima ambaye hana mzazi wa kumlilia.

Nanyi vijana mliosoma karatasi hii mbali na kwenu: leo kabla ya kulala, pigeni simu nyumbani. Msingoje muwe na kitu cha kutuma.

Allah awahifadhi watoto wetu popote walipo, awape wazazi subira, na atukutanishe sote kwa heri. Amin.

Wabillahi tawfiq.