Mwana Kupona: Mtiifu au Mwalimu?

Utendi wa Mwana Kupona aghalabu hutajwa kama kielelezo cha mwanamke mtiifu. Wahakiki wa mrengo wa kifeministi wameulaumu kwa kumfunza binti kwamba radhi ya mume ndiyo njia ya Peponi. Lawama hiyo ina mashiko, kwani mafunzo hayo yamo. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kuwa huo ni nusu ya uhakiki.

Tuzingatie nafsineni. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga utendi huu mwaka wa 1275 Hijria (1858) akiwa mgonjwa, kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Anaanza kwa kumwagiza aketi na wino na karatasi; agizo linalodokeza kuwa binti alijua kuandika. Anapokaribia tamati anajitaja kwa jina, anataja mwaka wa utunzi, na kuwahimiza wanawake wote wausome na kuufahamu. Hivyo wosia wa mama kwa mwanawe unapanuka kuwa somo la wanawake wote.

Hapa ndipo ulipo mvutano wa utendi huu: maudhui yanasisitiza utii, ilhali mtunzi anajitwalia mamlaka ya ualimu. Mwanafunzi wa fasihi anayehakiki maudhui pekee humwona mke mnyenyekevu. Akizingatia pia usemi na hadhira, atamwona mwanamke aliyewaandikia wanawake wenzake, akitarajia kwamba watasoma.