Dondoo muhimu: Ukitaka kubatizwa Bagamoyo

Tangu mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, mtu mzima anayetaka kuwa Mkatoliki huandaliwa kwanza, ndipo abatizwe.

1. Anza kwa paroko au katekista wa kigango chako. Usingoje Kwaresima ndipo uombe kubatizwa Pasaka.
2. Usibatizwe ili upate mchumba tu. Imani ya kuazima haidumu.
3. Ulibatizwa kwa Walutheri au Waanglikana? Peleka cheti, maana ubatizo halali haurudiwi.
4. Kama unaishi na mwenza, mweleze paroko mapema hali ya ndoa yenu, usifiche.
5. Chagua msimamizi Mkatoliki aliyepata kipaimara, mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, anayeishi imani yake. Usimchague kwa sababu ya mfuko wake.
6. Waambie wazazi mwenyewe, kwa adabu, kabla hawajasikia mtaani.
7. Usigeuze baraza kuwa uwanja wa mabishano ya dini. Jirani Mwislamu akikualika futari, nenda.
8. Sokoni, usifiche samaki waliolala chini ya wabichi wa leo. Mungu anaona hadi chini ya fungu.
9. Lipa deni la dukani kabla ya kuahidi zaka kubwa.
10. Usitoweke baada ya sherehe: hudhuria jumuiya ndogo ndogo kila wiki, na ukianguka, nenda kaungame.