SOMO: FLASHI YA KAMERA KATIKA PICHA ZA MIRADI



Kila robo mwaka tunapokea picha kutoka sharika na mitaa, na kila mara zipo ambazo hatuwezi kuziambatanisha na taarifa. Katika picha ya semina, waliokaa mbele wamekuwa weupe kama karatasi na wa nyuma wamemezwa na giza. Katika picha ya kisima, mama amesimama chini ya mwembe saa saba mchana na uso wake hauonekani kabisa. Mfadhili aliye mbali hawezi kufika Fukayosi kuhesabu waliohudhuria, hutegemea picha. Na yule mama alichangia nguvu zake kuchimba mtaro wa bomba, kisha akakubali kusimama apigwe picha. Anastahili kuonekana sura.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba flashi ni taa yenye mwanga wa karibu tu. Mwanga wake hutawanyika kadiri unavyokwenda, hivyo umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo. Umbali ukiwa mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Hii ndiyo siri ya ile picha ya semina: aliyekaa mita 2 kutoka kwenye kamera amepata mwanga mara tisa kuliko aliyekaa mita 6, na kamera haiwezi kuwaridhisha wote wawili. Flashi ya kamera ndogo ya mkononi hufaa hadi mita 3 au 4 hivi, na taa ya simu mita 1 au 2 tu. Anayesimama mlangoni mwa kanisa na kupiga flashi kuelekea madhabahuni anaangaza visogo vya watu wa benchi la nyuma. Hata uwanja wa mpira usiku utaona flashi nyingi zikimetameta majukwaani. Hakuna hata moja inayomfikia mchezaji.

Kwa hiyo tusogee. Wanasemina wakae nusu duara ili wote wawe karibu umbali mmoja na mpiga picha, madirisha yafunguliwe, na kama kundi ni kubwa watolewe nje, kwenye kivuli cha jengo, ambako flashi haihitajiki. Wenye kamera kubwa ambazo kichwa cha flashi hugeuka hufundishwa kuelekeza mwanga kwenye dari nyeupe ili urudi ukiwa laini. Ni ushauri mzuri kwa wenye dari. Majengo yetu mengi ni bati tupu au makuti, na makuti hunywa mwanga wote. Geuzeni flashi kwenye ukuta uliopakwa chokaa, au watu wawili washike shuka jeupe pembeni. Kwa kamera ndogo, kipande cha karatasi laini nyeupe mbele ya flashi hupunguza ukali, lakini hupunguza na nguvu, basi sogea zaidi.

Nchi yetu ina historia katika jambo hili. Unga wa magnesi wa kupigia picha gizani ulibuniwa Ujerumani mwaka 1887, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 Mjerumani Carl Georg Schillings aliutumia huku Afrika Mashariki kupiga picha za wanyama pori usiku, akachapisha kitabu chake mwaka 1905. Ule ulikuwa mwako wa kutisha, si kitaa cha simu. Hata hivyo alitega kamera karibu na mahali simba atakapokuja, badala ya kumpigia kwa mbali.

Linalowashangaza wengi ni kwamba flashi inatufaa zaidi mchana kuliko usiku. Huku kwetu jua la adhuhuri huwa karibu utosini. Macho huingia kivulini, na kofia au mtandio hufunika nusu ya uso. Kamera ikiachwa ijiamulie huona mwanga ni mwingi, na mara nyingi haiwashi flashi. Mlazimishe: tafuteni alama ya radi isiyo na herufi A pembeni yake, simameni mita 1.5 au 2 kutoka kwa mhusika, kisha pigeni. Kwa simu, ambayo taa yake ni dhaifu mno mbele ya jua, afadhali kumgeuza mtu uso wake uelekee palipo na mwanga, na kugusa uso huo kwenye kioo kabla ya kupiga. Shati jeupe au mchanga unaong'aa huidanganya kamera, ikatia giza picha nzima, na mwenye ngozi nyeusi ndiye anayepotea kwanza.

Macho mekundu hutokea kwa sababu mwanga huingia moja kwa moja kwenye mboni na kurudi na rangi ya damu iliyo nyuma ya jicho. Mtu asiitazame lenzi moja kwa moja, au chumba kiongezewe mwanga ili mboni zisinyae.

Kwa watu wenye ualbino, flashi izimwe. Macho yao huumizwa na mwanga mkali. Kivuli cheupe cha baraza kinatosha. Na kwa sababu ya mauaji yaliyowapata nchini mwetu, picha ya mtoto mwenye ualbino isiandikwe jina la kijiji wala la shule. Ridhaa ni ya kila mtu, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hapa ni suala la uhai.

Flashi hula betri haraka, basi chajini usiku wa kuamkia ziara na mbebe jozi ya pili. Mnapotuma kwa WhatsApp, tumeni picha kama faili, kwani ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na haifai tena kuchapishwa. Andikeni pia tarehe, mtaa na kazi iliyokuwa ikifanyika.