Mashini Zimekua, na Mtu Je?
Kujitawala kazini na nyumbani

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Mji wetu wa Kolwezi ulianza mwaka 1937. Wazee wengi walioingia kazi wakati wa Union Minière walianza na sururu na koleo. Mzee aliyekuja kazini na pombe kichwani aliweza kujikata kidole cha mguu. Ilikuwa hasara yake, na ya dispanseri iliyomfunga bandeji.

Leo shofere wa kariere anakaa juu ya kamio inayobeba tani 100. Anaigeuza kwa mkono mmoja, bila kutoka jasho. Kamio hiyo ikienda kilomita 30 kwa saa, na macho yake yakifunga kwa sekunde 3 tu, itakuwa imekwenda metre 25 bila mtu wa kuiangalia. Ndani ya metre 25 unaweza kukuta motokari ndogo ya shefu, mafundi wawili wanaotengeneza bomba, na ukingo wa shimo. Maendeleo yameongeza nguvu ya mkono wako mara elfu, lakini usingizi, hasira na kiu yako ni zilezile za babu yako. Ndiyo sababu nasema kujitawala si habari ya mahubiri peke yake. Kampani inakupa kaske, bote na maski, lakini kifaa hiki hakitoki magazini. Unatoka nacho nyumbani, au unakuja bila nacho.

Tuanze na pombe, maana mwisho wa mwezi haujapita mbali. Watu wengi wanasema: “Nilikunywa jana, leo ni siku ingine.” Tufanye hesabu pamoja. Chupa kubwa moja ya bia, ya santilita 72 hivi, yenye alkoli 5 kwa mia, ina karibu gramu 28 za alkoli safi. Ini la mtu linaondoa karibu gramu 8 kwa saa moja. Kuna anayepita hapo kidogo, kuna asiyefika. Basi chupa moja ni saa 3 na nusu. Chupa nne ni saa 14. Mtu aliyeanza kunywa saa 12 jioni atakuwa safi saa 2 asubuhi, na posti ya kwanza imekwisha kuanza zamani. Anajisikia mzima, anatembea sawasawa, anasalimia watu vizuri. Lakini mguu wake unachelewa kufika kwenye breki.

Tena usidanganywe na kahawa, wala maji ya baridi, wala supu ya pilipili. Vitu hivi vinakuamsha, lakini haviharakishi kazi ya ini hata kidogo. Lutuku ni mbaya zaidi, kwa sababu hakuna anayejua gramu zilizomo, na ile inayopikwa vibaya inaweza kuwa na sumu inayoua macho. Munkoyo ya mama, iliyotengenezwa leo na kunywewa leo, sina ugomvi nayo. Ile iliyokaa siku nyingi ni pombe kama pombe zingine.

Sasa usingizi. Hapa watu hawaogopi, na inafaa waogope. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walipima watu waliokaa macho na watu waliokunywa. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama mtu mwenye nusu gramu ya alkoli katika kila litre ya damu. Mtu huyo hajaonja tone! Fikiri juu ya mwenzetu wa posti ya usiku aliyeamka saa 1 asubuhi, akazunguka mchana kutwa kwenye soko na kwenye matanga, kisha akapanda kamio usiku. Saa 6 ya usiku amefikisha saa 17, na bado ana masaa mengi mbele yake. Zaidi ya hayo, kati ya saa 9 na saa 11 za usiku mwili wa kila mtu unashuka, hata wa yule aliyelala vizuri.

Mama, hapa ninakuomba wewe. Bwana akirudi kutoka posti ya usiku, jua linapiga mabati, watoto wanacheza, jirani amefungua redio. Weka kitambaa kizito kwenye dirisha. Watoto wapelekwe kucheza upande wa pili wa uwanja. Wageni wa saa 4 waambiwe warudi jioni, bila haya. Na wewe baba, telefone izimwe, usiifiche tu chini ya mto. Nimesikia wengi wakinung’unika katika dispanseri kwamba nyumbani hawalali kwa sababu ya kelele, na wakati uleule telefone inalia mfukoni mwao.

Iko namna ingine ya kujitawala iliyo ngumu kuliko hizi, kwa sababu adui haonekani. Ni maski ya vumbi. Joto ni kali, maski inabana, unaivuta shingoni “kwa dakika tano”. Siku hiyo hakuna kitu kinachokupata. Kesho vilevile. Lakini vumbi laini la mawe yenye silisi linashuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kuacha kovu. Kwa kawaida ugonjwa wake, silikosi, unajionyesha baada ya miaka kumi au zaidi, na hakuna dawa ya kuliondoa kovu hilo. Kifua cha namna hii kinashikwa kwa urahisi na kifua kikuu pia. Ukingojea kukohoa ndipo uvae maski, umechelewa.

Nisieleweke vibaya. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka chini ya ardhi. Hakuna mfanyakazi aliyeweza kuzuia mwamba ule kwa kuwa mtu wa kiasi. Nguzo za mgodi, breki za kamio na maski za kutosha ni wajibu wa wakubwa, na shefu anayelazimisha watu kukimbia ili kufikisha tani naye inafaa ajifunze kujitawala. Tena mwezi wa Februari 2019, hapa Lualaba, kamio iliyobeba asidi ya sulfuri iligongana na magari mengine njiani, na watu wasiopungua 18 wakafa. Simhukumu mtu. Ninataka tu ukumbuke kwamba asidi hiyo, inayotumika kuyeyusha shaba kutoka katika mawe, inapita mbele ya nyumba zetu kila siku, na wengi waliokufa hawakuwa wafanyakazi.

Basi ukifika mlangoni na unajua hukulala, au chupa za jana hazijakwisha, au umetoka nyumbani na ugomvi mpaka mikono inatetemeka, mwambie shefu wa ekipe kabla ya kupanda mashini. Mwambie peke yake, kwa maneno machache: “Shefu, leo sifai kwa kamio.” Akikutuma dispanseri, tutakupima damu na moyo, tutakuuliza ulilala saa ngapi, na tutakuandikia karatasi. Fika kabla ya posti kuanza.