Kupima Mwendo na Uchovu wa Mgonjwa wa MS Ukiwa Arusha

MS (multiple sclerosis) ni ugonjwa adimu huku kwetu. Duniani unawapata watu karibu milioni 3, wengi wao wakiishi mbali na ikweta, kwa hiyo mtu wa Sakina au Usa River anaweza kuzunguka hospitali muda mrefu kabla ugonjwa wake haujapata jina. Kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo, na amri zinazotoka kichwani kwenda miguuni huchelewa au hukatika njiani. Miguu inakuwa mizito. Tena kuna uchovu usioondoka kwa kulala, ambao majirani huuita uvivu.

Uchovu huo unapimika, na ni haki ya mgonjwa upimwe. Akipanda basi kwenda KCMC Moshi au Muhimbili, daktari atamwona akitembea hatua chache tu, siku moja, akiwa na safari mwilini. Ninyi mnaoishi naye ndio mnaoweza kumpelekea picha kamili.

Hatua ya 1: Chagua mahali na saa. Barabara za Ilboru na Sekei zinapanda kuelekea Mlima Meru, usipimie huko. Tafuta ukumbi wa kanisa, korido ya shule au ya hospitali, sakafu iwe sawa na isiyoteleza. Saa nayo ina uzito wake. Mwili ukipata joto, mishipa iliyoathirika hupitisha ujumbe kwa shida zaidi. Daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliliona jambo hili kwenye macho ya wagonjwa mwaka 1890. Mchana wa Februari na asubuhi ya Julai si nyakati za kulinganishwa hivi hivi, maana baridi nayo hukaza misuli ya baadhi ya wagonjwa. Pima saa ileile kila mara, viatu vilevile, fimbo ileile, na uandike hali ya hewa na dawa alizokunywa.

Hatua ya 2: Mwendo mfupi. Kwa futi ya fundi, pima mita 7.62, yaani futi 25, uchore mistari miwili ya chaki. Atembee haraka awezavyo bila kukimbia na bila kujihatarisha, apitilize mstari wa pili ndipo apunguze. Hesabu muda kwa simu, atembee mara mbili, chukua wastani. Badiliko la asilimia 20 ni la kumwambia daktari: aliyekuwa akitumia sekunde 7 akifika 8.4, kuna jambo. Mtu anayetumia sekunde 8 au zaidi mara nyingi huwa ameshaanza kuhitaji msaada katika shughuli za kila siku.

Hatua ya 3: Dakika sita. Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu wagonjwa wengi huanza vizuri. Weka alama mbili zilizoachana mita 30, atembee akienda na kurudi kwa dakika sita, wewe ukimfuata nyuma kidogo, na kiti kiwe karibu. Usiandike jumla peke yake. Andika umbali wa kila dakika. Akitembea mita 60 dakika ya kwanza na 48 dakika ya sita, amepoteza asilimia 20 ya mwendo wake, na hasara hiyo haionekani kabisa kwenye zile mita 7.62.

Sikiliza pia soli za viatu. Mwanzoni zinagonga sakafu kwa zamu, sawasawa. Baadaye upande mmoja unaanza kukwaruza, kidole gumba hakinyanyuki vizuri, goti linasukumika nyuma anapokanyaga. Andika ni dakika ya ngapi. Akipata kizunguzungu, maumivu ya kifua, au goti likilegea, acha hapo hapo. Asiyeweza sita apimwe dakika mbili, na abaki na mbili hizo siku zote.

Hatua ya 4: Uliza uchovu. Lauren Krupp na wenzake walitoa mwaka 1989 dodoso la kauli 9, kila moja ikipewa alama 1 hadi 7. Wastani wa 4 au zaidi huashiria uchovu mkubwa. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kulitumia. Nyumbani inatosha kuuliza: "Mama, kuanzia sifuri mpaka kumi, uchovu wako uko wapi sasa hivi?" Uliza kabla ya kutembea, baada ya kutembea, na asubuhi inayofuata. Kwa wiki nzima aandike pia namba ya asubuhi, mchana na jioni, pamoja na kilichomshinda: kufua, kupanda daladala, kusimama jikoni. Mume au binti asimjibie. Kumjibia mgonjwa ni kumnyang'anya kipimo chake.

Hatua ya 5: Tafuta sababu nyingine. Upungufu wa damu, malaria, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona, kuamka usiku kwenda kukojoa, na dawa kama baclofen ya kulegeza misuli, vyote huchosha. Dalili zikizidi au zikija mpya, zikadumu zaidi ya saa 24, pima homa na mkojo, kisha mwoneni daktari bila kungoja tarehe ya kliniki. Huenda ni shambulio jipya. Kwa ambaye bado hajathibitishiwa MS, kifua kikuu cha uti wa mgongo, VVU na upungufu wa vitamini B12 vinaweza kudhoofisha miguu vilevile, na baadhi ya hayo yana tiba ya uhakika.

Hatua ya 6: Rudia, kisha peleka. Mara moja kwa mwezi inatosha; kupima mwendo kila siku kunamchosha na kumtia hofu. Weka namba zote kwenye karatasi moja, tarehe zikifuatana, na umkabidhi daktari mkiingia tu, kabla hajauliza, "Unaendeleaje?"