Dishi bila Kutoboa Ukuta: Haki za Mpangaji Nchini Marekani

Mpangaji wa ghorofani nchini Marekani anaweza kufunga dishi la setilaiti hata kama mkataba wake wa pango unasema hairuhusiwi. Haki hiyo inatokana na kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, inayojulikana kwa kifupi kama OTARD. Ilitungwa mwaka 1996 kutokana na Sheria ya Mawasiliano ya mwaka huo. Mwanzoni iliwalinda watu waliokaa katika nyumba zao wenyewe. Wapangaji waliingizwa kuanzia 22 Januari 1999. Kifungu cha mkataba kinachopingana nayo hakina nguvu, hata kama mpangaji alikitia saini kwa mkono wake.

Kinachowaponza wengi ni kudhani kwamba haki hii haina mipaka. Mpaka wa kwanza ni ukubwa: kipenyo cha dishi kisizidi mita 1, isipokuwa Alaska, ambako ukubwa wowote unakubalika. Mpaka wa pili, ambao ndio chanzo cha ugomvi mwingi, ni mahali. Dishi linalindwa likiwa katika eneo ambalo mpangaji amelipanga na analitumia peke yake: ndani ya nyumba, kwenye roshani yake au kwenye kibaraza chake. Paa, korido, ngazi na ukuta wa nje wa jengo havimo. Roshani inayotumiwa na nyumba mbili nayo haimo. Lakini mwenye nyumba hawezi kudai kwamba roshani si ya mpangaji peke yake eti kwa sababu tu yeye ana haki ya kuingia kukagua au kufanya matengenezo.

Kuhusu kutoboa, FCC inakubali kwamba mwenye nyumba anaweza kukataza matundu kwenye ukuta wa nje au paa ili kuzuia mali yake isiharibike. Anayo sababu: tundu lisilozibwa vizuri huingiza maji, na kwenye majimbo ya baridi maji hayo yakiganda hupanua ufa. Asichoweza ni kutumia hoja hiyohiyo kupinga mikwaruzo na alama ndogo za matumizi ya kawaida ndani ya eneo la mpangaji. Sheria inalinda dishi, hailindi tundu. Anayetoboa mahali palipokatazwa anampa mwenye nyumba sababu ya kudai gharama za ukarabati, hata kama dishi lenyewe lina haki ya kuwapo.

Fundi anayeijua kazi yake anaweza kuliweka bila drili. Njia iliyozoeleka ni stendi ya miguu mitatu iliyokandamizwa kwa matofali ya saruji au mifuko ya mchanga, au bomba la chuma lililosimikwa kwenye ndoo ya zege. Vyuma vya roshani vikiwa imara, klampu yenye bolti huweza kushika bomba la dishi, na kipande cha mpira kikiwekwa katikati rangi haichubuki. Waya hupita kwenye upenyo wa dirisha kwa kuunganishwa na kipande cha kebo bapa, ambacho dirisha hufungwa juu yake bila kukikata. Jambo linalosahaulika ni kwamba dishi lisitokeze nje ya vyuma vya roshani. Sehemu inayoning'inia hewani imetoka kwenye eneo la mpangaji, na kinga inaishia hapo. Uzito pia si wa kupuuza, kwa kuwa upepo hulisukuma dishi kama tanga, na likianguka kutoka ghorofa ya tano hakuna kanuni itakayomtetea aliyeliweka.

Kuna roshani zisizofaa kabisa. Setilaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta. Mombasa dishi linaweza kutazama karibu utosini, lakini Minneapolis lazima lielekee kusini, tena likiwa limeinama, kiasi kwamba jengo la mbele linatosha kulikinga mawimbi. Mpangaji ambaye roshani yake inatazama kaskazini hana cha kudai, maana mwenye nyumba halazimiki kumpa nafasi juu ya paa. Hilo ni la kuchunguza kabla ya kutia saini mkataba wa pango, na hasa kabla ya ule wa kampuni ya televisheni.

Kwa kawaida mwenye nyumba hawezi kudai aombwe ruhusa kwanza, kwa sababu kuchelewesha ufungaji au kupandisha gharama bila msingi ni kukiuka kanuni. Anaweza kuweka masharti ya usalama yaliyo wazi, kwa mfano kutoziba njia ya kutokea wakati wa moto, na majengo ya kihistoria yana masharti yake. Vilevile, jengo likiwa na dishi la pamoja, la mtu binafsi linaweza kukatazwa, mradi lile la pamoja litoe huduma ileile anayoitaka mpangaji, kwa ubora uleule na bila kumwongezea gharama.

Barua ya onyo ikifika, ni vyema ijibiwe kwa maandishi, kanuni itajwe kwa jina, na picha za dishi lilivyowekwa ziambatanishwe. Mwenye nyumba akishikilia msimamo, mpangaji anaweza kupeleka ombi FCC au mahakamani. Wajibu wa kuthibitisha kwamba katazo ni halali ni wa mwenye nyumba. Shauri likiwa halijaamuliwa, katazo halitekelezwi wala faini hazilimbikizwi, isipokuwa kwa masuala ya usalama au majengo ya kihistoria. Mpangaji akishindwa, kwa kawaida hupewa angalau siku 21 za kutii kabla ya kutozwa chochote.

Ulaya hakuna kanuni moja ya namna hiyo, ila ipo hukumu ya kujua. Huko Rinkeby, Stockholm, familia yenye asili ya Iraq iliondoa dishi ukutani ilipotakiwa, ikasimamisha jikoni stendi ya chuma yenye mkono uliopitisha dishi dirishani. Mahakama ya Uswidi ikaamua ihame hata hivyo. Desemba 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba haki yao ya kupokea habari ilivunjwa: suala la usalama lilikwisha kuchunguzwa na hatari halisi haikuonekana, na familia ilikuwa na haja ya kweli ya chaneli za Kiarabu na Kiajemi. Wakati huo walikuwa wameshahama, hivyo walichopata ni fidia.